Kumbi zijae tena, lakini tusisahau somo la viti vya X

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba 2021, tulitoka Umoja watu wanne kwenda kutazama mchezo wa kuigiza jijini. Mimi, dada yangu na marafiki wawili ambao tunaishi nao nyumba moja na kulipa kodi pamoja. Matatu ilikuwa imejaa hadi magoti yanagusana, maana tangu Agosti magari yalikuwa yameruhusiwa kubeba abiria wote. Tukashuka pamoja, tukafika getini pamoja, tukanawa mikono kwenye mfereji mmoja.

Ndani ya ukumbi tukatenganishwa.

"Boss, hapana," mhudumu aliniambia nilipotaka kuketi karibu na dada yangu. Alikuwa kijana wa rika letu, barakoa imemshuka chini ya pua. "Ni kiti, X, kiti, X. Hivyo ndivyo tumeambiwa."

"Lakini tunaishi pamoja, bro."

"Najua. Lakini ni kiti, X."

Tukatii. Kila kiti cha pili kilikuwa kimebandikwa selotepu nyekundu yenye alama ya X. Shida ni kwamba tiketi zilikuwa bado zinauzwa getini. Taa zilipozimwa, waliochelewa wakaanza kuingia na kubandua selotepu. Kufikia katikati ya onyesho, kati yangu na dada yangu alikuwa ameketi jamaa ambaye sijawahi kumwona maishani. Yaani watu wa nyumba moja walitenganishwa ili watu wasiojuana wapate kuketi katikati yao!

Sisi tulicheka. Aliyeshindwa kucheka ni shosho mmoja aliyekuwa safu ya mbele yetu. Kabla ya onyesho kuanza alikuwa ametuambia kwamba ana kisukari, na kwamba tangu korona ije hajakanyaga mahali penye watu wengi. Alikuja kwa sababu mjukuu wake alikuwa anaigiza kama askari, na tangazo la shoo lilisema wazi kwamba viti vitaachana. Safu yake ilipojaa pande zote mbili, aliinuka polepole, akashika ukuta, akatoka. Askari alirudi jukwaani dakika kama kumi baadaye. Tiketi yake ilikuwa na maandishi yale yale yaliyokuwa kwenye yangu: pesa hazirudishwi.

Nilikumbuka kisa hiki Ijumaa, Machi 11, 2022, Waziri wa Afya wa wakati huo Mutahi Kagwe alipotangaza kwamba barakoa si lazima tena mahali pa wazi, na kwamba mikutano ya ndani inaweza kurejelea idadi kamili ya watu mradi wote wawe wamechanjwa kikamilifu. Viwanja vya michezo vilipewa ruhusa hiyo hiyo kwa sharti hilo hilo. Kusema kweli, nilifurahi. Wasanii wetu walikuwa wamekula hu kwa miaka miwili. Kuanzia Machi 2020 shughuli zilifungwa, kafyu ikaja, na hata kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021, hakuna aliyejua kama shoo aliyoipanga ingefanyika au ingefutwa.

Kwa hivyo ng'oeni selotepu. Sitalia. Ninachoomba ni kwamba tusitupe pamoja nayo jambo la maana ambalo viti vile vingetufundisha: mpangilio wa watu ukumbini hufanywa siku ya kuuza tiketi. Ukiuza tiketi bila kujua nani ataketi wapi, hakuna selotepu wala baunsa atakayekuokoa saa mbili usiku.

Hebu tufanye hesabu kidogo, si ngumu. Chukua ukumbi wa viti 200: safu 10, kila safu viti 20. Kiti cha ukumbi kina upana wa karibu nusu mita. Wizara ilitaka mita moja na nusu kati ya mtu na mtu, kwa hivyo unahitaji kuacha viti viwili wazi, si kimoja. Mpango wa "kiti, X" tuliofanyiwa sisi ulitupa mita moja tu. Haukutimiza sharti hata kabla ya watu kubandua alama. Halafu kwa sababu kuna watu mbele na nyuma yako pia, unaacha safu moja wazi kila baada ya safu moja. Zinabaki safu 5.

Sasa, ukimweka kila mtu peke yake na viti viwili wazi kando yake, safu moja inachukua watu 7. Ukumbi mzima, watu 35. Ukiwaweka wawili wawili, yaani wapenzi au mtu na rafiki anayeishi naye, safu moja inachukua 10, ukumbi 50. Ukiwaweka wanne wanne kama sisi wa Umoja, safu inachukua makundi matatu ya watu wanne na kundi moja la watu wawili, jumla 14. Ukumbi mzima, watu 70.

Ukumbi ni ule ule. Umbali kati ya kundi na kundi ni ule ule. Tofauti ya watu 35 na watu 70 imetokana na swali moja tu ambalo mwandalizi angeuliza wakati wa kuuza tiketi: mnakuja wangapi, na mnaishi pamoja?

Swali hilo ni la pesa vilevile. Tuseme kukodi ukumbi, mitambo ya sauti, taa na malipo ya waigizaji vimefika shilingi 60,000. Watu 200 wakija, kila mmoja akilipa 300 gharama imerudi. Wakiwa 35, kila mmoja lazima alipe zaidi ya 1,700. Wakiwa 50 ni 1,200. Wakiwa 70 ni kama 860. Kijana anayelipwa kwa siku hawezi kutoa 1,700 kutazama mchezo wa kuigiza, lakini 860 anaweza kujikaza mara moja kwa mwezi. Na kama mchezo ni wa saa moja na nusu, unaweza kuchezwa mara mbili siku moja, saa nane na saa kumi na moja. Hata gharama ikipanda hadi 80,000 kwa sababu waigizaji wamefanya kazi mara mbili, watu 140 wataigawana kwa chini ya 600 kila mmoja.

Najua mwandalizi atasema mimi naongea tu kwa sababu si pesa zangu. Ana haki. Kiti kitupu ni hasara, na katika miaka ile miwili hasara hiyo ilibebwa na watu wadogo: mwandalizi mchanga aliyekopa na msanii aliyeambiwa atalipwa kulingana na watakaoingia. Wenye kumbi wengi waliendelea kutoza kodi ya ukumbi mzima hata pale ambapo sheria iliruhusu sehemu yake tu kujazwa. Hilo si sawa. Ukiniruhusu kutumia theluthi moja ya ukumbi wako, usinitoze kana kwamba nimeujaza. Tukipigwa na wimbi jingine la korona, hilo ndilo jambo la kwanza vyama vya wasanii vinapaswa kulipigania, kabla hata ya kuomba msaada wa serikali.

Lakini hasara haikupi ruhusa ya kudanganya. Shosho yule hakununua kiti tu. Alinunua kiti chenye nafasi pembeni yake, maana hivyo ndivyo alivyoahidiwa. Ukiuza nafasi ile mara ya pili getini, umeuza kitu ambacho tayari kina mwenyewe. Ni kama kondakta akupe kiti ukifika Allsops, halafu akifika Roysambu akwambie usimame.

Wenzetu wa nje walijaribu njia mbalimbali. Mjini Berlin, jumba la maonyesho la Berliner Ensemble liling'oa kabisa karibu viti 500 kati ya viti vyake 700 mwaka 2020, vikabaki viwili viwili na kimoja kimoja. Hakuna wa kubandua selotepu pale, kwa sababu kiti chenyewe hakipo. Huko Newcastle, Uingereza, Agosti mwaka huo huo, walijenga majukwaa madogo 500 uwanjani, kila moja la watu wasiozidi watano waliokuja pamoja, wakaingiza watu hadi 2,500 kwa tamasha moja. Wazo ni lile lile: usihesabu vichwa, hesabu makundi.

Utaniambia huko ni Ulaya, sisi Wakenya hatuwezi kukaa tulipoambiwa. Si kweli. Ukipanda basi la usiku kwenda Mombasa, unaonyeshwa mchoro, unachagua kiti, unaandikiwa nambari. Ukikuta mtu kwenye nambari yako anainuka, tena mara nyingi anaomba msamaha. Kwenye SGR ni behewa na kiti, na watu huvipata bila vita. Maabadi yalipofunguliwa tena Julai 2020 kwa masharti ya watu wasiozidi 100 na ibada ya saa moja, makanisa mengi jijini yalisajili waumini mapema kwa simu na kuwaambia waje ibada ipi. Mama zetu walijifunza kujisajili kwa simu ili waende kuomba. Sembuse sisi tunaonunua kila kitu kwa M-Pesa?

Tatizo letu si watu. Ni kwamba tiketi ya shoo nyingi za Nairobi haina kiti ndani yake. Ina bei, ina msimbo wa kuskani, ina picha ya msanii. Kiti ni kupigania. Anayefika mapema anaweka mkoba kwa viti vitano kulindia mbogi yake, anayefika kwa wakati anaketi kwenye ngazi.

Na hapa ndipo suala hili linaacha kuwa la starehe tu. Januari 24, 2022, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika, watu wanane waliuawa na msongamano nje ya uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, Cameroon ilipokuwa ikicheza na Comoros. Wengine 38 walijeruhiwa. Kumbuka kwamba kwa sababu ya korona, uwanja ule wa watu 60,000 haukuruhusiwa kujaa: mechi za wenyeji ziliwekewa kikomo cha asilimia 80. Yaani ndani, kwa hesabu ya karatasi, kulikuwa na nafasi. Watu walifia getini. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema baadaye kwamba lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa.

Wala tusijifanye hayo ni ya mbali. Oktoba 23, 2010, watu saba walikufa katika msongamano uwanjani Nyayo, Gor Mahia ilipokuwa ikicheza na AFC Leopards. Walikuwa wameenda kutazama mpira tu.

Kikomo cha watu ndani ya ukumbi hakimsaidii yeyote kama nje kuna mlango mmoja na kila mtu ameambiwa afike saa moja. Sasa ongeza sharti la chanjo la Machi 2022. Tuseme mhudumu mmoja anahitaji sekunde 10 kuskani tiketi. Watu 200 wataingia kwa dakika kama 33. Mwambie pia akague cheti cha chanjo kwenye simu na kitambulisho, kila mtu sasa achukue sekunde 30. Watu wale wale 200 watahitaji saa moja na dakika 40. Shoo ya saa moja usiku itaanza saa tatu kasorobo, au, jambo ambalo sote tunalijua, baunsa atachoka saa moja na nusu na kuachilia kila mtu aingie bila kukaguliwa. Hapo chanjo haijakaguliwa, tiketi hazijahesabiwa na watu wanasukumana.

Dawa yake haihitaji mitambo ya bei. Kwanza, cheti cha chanjo kikihitajika tena, kikaguliwe mapema, mtu akinunua tiketi au meza ikiwekwa mbali na mlango, ili getini pabaki kazi moja tu. Pili, tiketi iandikwe saa ya kuingia: kundi hili saa kumi na mbili, lile saa kumi na mbili na robo. Tatu, wanaoketi katikati ya safu na mbali na mlango waingie kwanza, ili asiwepo wa kupita juu ya magoti ya mwenzake. Wakati wa kutoka ni kinyume, walio karibu na mlango watoke mwanzo, safu kwa safu. Nne, uuzaji ufungwe siku moja kabla. Ukijua makundi yote usiku wa kuamkia shoo, unaweza kuyapanga: makubwa kwanza, halafu ya watu wawili, kisha wa peke yao wajaze ncha za safu. Ukimwachia kila mtu ajichagulie, utabaki na kiti kimoja kimoja huku na kule ambacho hakiuziki.

Hili la nne najua litapingwa vikali. Waandalizi wanapenda pesa za getini, na sisi wateja tunapenda kuamua saa kumi na moja kama tutatoka au la. Tukubali tu, hata sisi tuna makosa. Mwandalizi akiweka tiketi za mapema kwa bei nafuu, tunangoja. Tunaulizana kwenye WhatsApp "kuna fom gani?" hadi Jumamosi jioni, kisha tunajazana mlangoni watu mia kwa mpigo na kulalamika kwamba foleni haisongi. Tukitaka viti vyenye nambari, lazima tukubali kununua mapema. Na ili tuthubutu kununua mapema, lazima pesa ziweze kurudi shoo ikifutwa au mpangilio ulioahidiwa ukibadilishwa. Maneno "pesa hazirudishwi" yamewafanya vijana wengi wawe wa getini. Haiwezekani utake niamini ahadi yako wiki mbili mapema huku wewe hutaki kuwajibika ukiivunja.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni kwa waandalizi wote wanaofungua milango. Ukumbi kurejea idadi kamili hakumaanishi kila mtu yuko tayari kubanwa. Kuna mwenye pumu, kuna aliyepandikizwa figo, kuna anayeishi na mzazi mgonjwa, kuna shosho kama yule. Tenga safu mbili za pembeni, karibu na mlango na dirisha, ambako viti vitaendelea kuachana. Waambie watu wanunue huko wakitaka, na usiwatoze bei ya VIP kwa kosa la kuwa wagonjwa. Katika ukumbi wa viti 200, safu mbili ni viti 40. Ukiviuza kwa makundi unaweza kuwaketisha watu 28. Umepoteza nafasi 12, lakini umewapata watu ambao wasingekuja kabisa. Usiku ambao ukumbi haujajaa, na usiku wa namna hiyo ni mwingi, hujapoteza hata kimoja.

Wimbi jingine likija, na hakuna anayeweza kuapa kwamba halitakuja, mwandalizi mwenye nambari za viti atapunguza watu kwa jioni moja na kuendelea na kazi. Asiye nazo atafunga, halafu aje kwenye redio kulia kwamba sanaa imekufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa sisi wanunuzi, tuanze na mambo mawili. Kabla ya kutuma pesa, uliza: kiti changu ni nambari ngapi, na nikifika nikakikosa nitarudishiwa? Usipojibiwa, peleka pesa zako kwa mwingine. Ukifika ukumbini na ukaona kiti kimeachwa wazi kando ya mtu, usikikalie kabla ya kuuliza kimeachwa kwa nini. Huenda kimelipiwa na mtu aliyemleta bibi yake kumwona mjukuu jukwaani.